Je, Yuno Gasai alimpenda Yukiteru kweli?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Nimemaliza anime (katuni ya Kijapani) ya Mirai Nikki, vipindi vyote 26. Wenzangu wa hosteli wanasema Yuno Gasai ndiye mpenzi wa kweli kuliko wote kwenye anime, na mmoja ameandika kwenye status yake kwamba anatafuta mtu wa kumpenda hivyo. Mimi nilimwogopa tangu mwanzo, lakini mwishoni nililia. Je, alimpenda kweli Yukiteru, yule kijana anayemfuata? Hawa yandere, wahusika wanaopenda hadi kuua, wametoka wapi, mbona wamejaa hivi? Halafu nitazame na Redial, kile kipindi cha nyongeza, au niishie hapa?" Mwanafunzi wa chuo, Dodoma.

Marahaba, mwanangu. Umeniuliza maswali matatu, na la kwanza ndilo zito, kwa hiyo nitaanza nalo kisha nilirudie kwa undani. Yeyote ambaye hajamaliza hadithi hii aache kusoma hapa, maana siwezi kukujibu bila kufichua mwisho.

Kwa sehemu kubwa ya hadithi, Yuno hampendi Yukiteru. Anachokipenda ni kimbilio, na kimbilio hilo limepewa sura na jina la Yukiteru. Kumpenda Yukiteru mwenyewe anaanza karibu na mwisho kabisa, na nadhani ndipo machozi yako yalipokutoka. Woga wako na machozi yako havipingani. Ulimsoma mhusika sawasawa, pengine kuliko wenzako wa hosteli.

Kwanza tukubaliane tunamzungumzia nani. Si kila mhusika mwenye wivu ni yandere. Asuka wa anime ya Evangelion hufoka, hutukana, kisha moyo wake ukaonekana. Huyo ni tsundere, na wewe unamjua vizuri. Yandere huenda kinyume chake. Kwa nje ni mpole, ana tabasamu, anapika, anakumbuka siku yako ya kuzaliwa. Ndani mna kitu kimeugua. Hatari inakuja mpendwa wake anapoonekana kusogea mbali. Jina lenyewe lilienea kwenye intaneti ya Kijapani katika miaka ya 2000, na mashabiki wa wakati huo wanamkumbuka sana Kaede Fuyou wa anime ya SHUFFLE! ya mwaka 2005. Kaede anamsubiri kijana anayeishi naye nyumba moja, ambaye usiku huo yuko na mwingine. Yuko jikoni, amesimama mbele ya sufuria, anakoroga polepole. Kamera inasogea, na sufuria ni tupu. Hakuna kisu wala tone la damu, na mpaka leo Wajapani wakitaja sufuria tupu, shabiki wa zamani anajua unazungumzia nini.

Naipenda sana picha ile kwa sababu inasema ukweli wote wa tabia hii kabla haijageuzwa kuwa shoka na mapanga. Msichana anafanya kazi ya mapenzi, mikono yake inajua kila hatua, lakini ndani ya chombo hamna kitu cha kumlisha mtu.

Sasa asili. Usidhani kwamba hili ni zao la vijana wa kompyuta. Katika Genji Monogatari, riwaya ya Kijapani kuhusu mwanamfalme Genji, iliyoandikwa na Murasaki Shikibu mwanzoni mwa karne ya 11, yumo bibi mmoja wa heshima, Rokujō, aliyeachwa nyuma na Genji. Roho yake, naye akiwa hai, inatoka mwilini usiku na kumwendea mke wa Genji, Aoi, hadi Aoi anakufa. Linalotisha ni kwamba Rokujō hajui. Anaamka na kukuta nguo na nywele zake zinanukia mafukizo ya kupungia pepo, yale yaliyochomwa kwenye chumba cha mgonjwa. Anabadilisha nguo, anaosha nywele, harufu haiondoki. Miaka elfu moja iliyopita mwandishi huyu alikwishaona kwamba mtu anaweza kuwa mwema, msomi, mwenye aibu, na bado chuki yake ikatembea bila ruhusa yake.

Halafu kuna Kiyohime. Hadithi yake imefungamana na hekalu la Dōjōji, lililoko Wakayama hadi leo, ambako watawa bado huwasimulia wageni kisa hicho kwa kuwafunulia msokoto wa picha. Mtawa kijana, Anchin, anakwenda kuhiji Kumano na analala kwa kina Kiyohime. Binti anampenda. Mtawa anamwahidi kwamba atapita tena wakati wa kurudi, kisha anarudi kwa njia nyingine. Binti anapogundua anamfukuza, anafika mtoni, anageuka nyoka mkubwa, anavuka. Mtawa anajificha chini ya kengele ya hekalu. Nyoka anaizunguka kengele na kuichoma hadi aliyemo ndani anateketea. Katika tamthilia ya Nō iliyotungwa kutokana na kisa hicho, kuna jambo dogo ambalo nakuomba ulishike: ni baba wa binti ndiye aliyemwambia, kwa utani tu, binti akiwa bado mdogo, kwamba yule mtawa atakuja kuwa mumewe. Mtoto akaamini. Nitarudi hapo.

Yupo pia Oshichi, binti wa muuza mboga wa Edo (Tokyo ya zamani), aliyechomwa moto mwaka 1683 kwa kosa la kuwasha moto. Inasimuliwa kwamba alitumaini moto ule ungemrudisha kwa kijana aliyekutana naye hekaluni wakati familia yake ilipokimbilia huko kwa sababu ya moto wa awali. Miaka mitatu tu baadaye mwandishi Ihara Saikaku alikwishamwandika kitabuni. Kwa hiyo waandishi wa manga (hadithi za picha za Kijapani) walipoanza kumchora msichana anayeteketeza kila kitu kwa ajili ya mtu mmoja, wasomaji wao walikuwa wamelelewa na bibi zake.

Ila angalia tofauti. Kiyohime alidanganywa. Rokujō alidharauliwa mbele ya watu. Hadithi za zamani zilikuwa na mwanamume aliyefanya jambo fulani, na msikilizaji alijua. Katika yandere wa siku hizi mara nyingi huyo mwanamume amesafishwa kabisa: ni kijana wa kawaida, mpole, hana kosa, wala hana sifa yoyote, na bado msichana mzuri kuliko wote darasani yuko tayari kuua kwa ajili yake. Hapa ndipo lilipo jibu la swali lako la kwa nini wamejaa. Ni ndoto ya kuchaguliwa bila kustahili. Mtazamaji mpweke, anayehisi hakuna amwonaye, anaonyeshwa mtu asiyeona kingine chochote ila yeye. Hahitaji kupendeza, hahitaji kujirekebisha, wala hataachwa kamwe. Mwenzako wa hosteli aliyeandika ile status sidhani kama anataka kufungiwa ndani na mtu mwenye shoka. Anataka mtu asiyemwacha kwenye "seen". Mwonee huruma kabla hujamcheka.

School Days ilikataa kumsafisha kijana, na kwa hilo naiheshimu ingawa kuitazama ni adhabu. Ilianza kama mchezo wa kompyuta mwaka 2005, anime ikafuata 2007. Makoto, kijana mwenyewe, anamchukua Kotonoha, kisha Sekai, kisha wengine, bila kumwambia yeyote ukweli. Na Kotonoha, ambaye alikuwa msichana mtulivu tu, tunamwona akivunjika kipindi baada ya kipindi, macho yake yakififia huku simu yake haipokelewi. Makoto anapouawa, na muuaji ni Sekai wala si Kotonoha, huwezi kusema hukujua damu hiyo ilianzia wapi. Kipindi cha mwisho kilikutana na tukio la kweli: Septemba 2007, huko Kyoto, msichana wa miaka 16 alimuua baba yake kwa shoka, na kituo cha TV Kanagawa kikaondoa kipindi hicho na kuonyesha mandhari ya maji na milima badala yake, meli ikipita. Watu mitandaoni waliicheka ile meli kwa miaka. Mimi naona kituo kilifanya uungwana kwa familia moja iliyokuwa msibani.

Mwingine ambaye ningependa umjue ni Shion Sonozaki wa hadithi ya kutisha ya Higurashi. Anampenda Satoshi, na Satoshi anatoweka. Kabla hajatoweka alimwomba jambo moja tu: amtunzie mdogo wake, Satoko. Shion anaamini kijiji kizima kimemuua mpenzi wake, anaanza kulipiza kisasi, na miongoni mwa anaowaua kwa jina la mapenzi yake ni Satoko mwenyewe. Baadaye ndipo analikumbuka lile ombi. Sijaona mahali pengine ambapo kasoro ya yandere imeelezwa kwa uchungu hivi. Alikuwa amelishika jina la Satoshi usiku na mchana, lakini neno lake alilisahau.

Turudi kwa Yuno. Sakae Esuno aliichora Mirai Nikki kuanzia 2006 hadi 2010, na nadhani watu wengi wanamkumbuka Yuno kwa lile shoka na ile sura yenye mashavu mekundu, wakapitwa na namna mwandishi alivyoijenga hadithi. Hadithi ni ya mchezo wa kuuana, ambao kila mshiriki ana shajara kwenye simu inayotabiri wakati ujao, na mshindi anakuwa mungu. Fikiria zile shajara mbili. Ya Yukiteru inaandika kila kitu kinachomzunguka, isipokuwa yeye mwenyewe. Ya Yuno inaandika habari za Yukiteru kila baada ya dakika kumi, basi. Ukiziweka pamoja unapata wakati ujao uliokamilika, na ndiyo maana wawili hawa wanashinda. Lakini hakuna shajara hata moja kati ya hizo mbili ambamo mwenye nayo ameandikwa. Kijana ametazama dunia miaka yote kama mtu aliyeko dirishani. Msichana amejifuta, akajaza ukurasa kwa mtu mwingine. Yeyote anayesema ni Yuno peke yake mgonjwa hajaitazama simu ya Yukiteru.

Na chanzo ni nini? Mazungumzo ya dakika chache darasani, mwaka mmoja hivi kabla ya mchezo kuanza. Yukiteru anaumia kwa sababu wazazi wake wanaachana. Ndoto yake ni familia yake yote kwenda pamoja kutazama nyota. Yuno, ambaye hana ndoto yoyote, anamwambia basi atakuwa mke wake. Naye anajibu kirahisi kwamba labda wakishakua watu wazima. Kwake ni utani, anausahau. Kwa Yuno ni kamba pekee iliyotupwa kisimani. Ndiyo sababu nilikuomba umshike yule baba wa tamthilia ya Dōjōji: neno jepesi likimwangukia mtoto asiye na kingine cha kushika, halibaki jepesi.

Maana wakati huo nyumbani kwao kulikuwa na kizimba. Yuno alilelewa na wazazi waliomchukua, mama akamfungia na kumnyima chakula, baba hakuwepo. Siku moja akawafungia wao, wakafa humo. Mwandishi haombi uwasamehe wazazi wale, wala haombi umsamehe Yuno. Anakuonyesha tu kwamba aliyefundishwa kwamba kupenda ni kufunga, naye anapopenda anafunga. Ndivyo anavyomfanyia Yukiteru anapomteka na kumfunga kwenye kiti.

Sasa ushahidi wangu kwamba hakumpenda yeye. Hadithi ina dunia tatu zinazofanana, na ya pili ndiyo uliyoitazama kwa sehemu kubwa. Katika dunia ya kwanza walikubaliana kufa pamoja. Yukiteru akafa, Yuno akabaki, akawa mungu, akagundua hata mungu hawezi kumfufua. Akafanya nini? Akarudi nyuma hadi dunia ya pili, akamuua Yuno wa huko, akachukua nafasi yake, na akaanza upya na Yukiteru mwingine. Na alikuwa tayari kufanya hivyo tena katika dunia ya tatu, kumaanisha kwamba Yukiteru wa pili, yule uliyemfuatilia vipindi vyote, naye angekufa. Mtu anayeweza kubadilishwa na nakala yake hajapendwa yeye. Wafiwa wote wanalijua hili: huwezi kuletewa mwingine anayefanana na marehemu wako ukaambiwa umerudishiwa.

Halafu linakuja jambo ambalo, kwa maoni yangu, linaifanya kazi hii iwe zaidi ya hadithi ya kutisha. Katika dunia ya tatu, Yuno yule muuaji anaingia nyumbani na kukutana na Yuno mdogo ambaye bado anaishi na wazazi wake, na mtoto yule anasimama kumkinga mama yake. Mama yule yule wa kizimba. Nyumba ile inapona, na msichana anakua akiwa mtu wa kawaida. Damu ile ile, jina lile lile, nywele zile zile za waridi, bila shoka. Esuno anasema waziwazi kwamba yandere hazaliwi.

Katika miaka ya 1954 na 1955 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alikuwa karibu na Kampala, akiwatazama akina mama wa Kiganda na watoto wao wachanga. Kitabu chake kilitoka 1967. Aliona kwamba mtoto mwenye uhakika na mama yake ndiye anayethubutu kutambaa mbali naye kwenda kuchunguza mambo, halafu anarudi. Asiye na uhakika hung'ang'ania na kulia hata akiwa amebebwa. Sisemi kwamba Esuno alimsoma. Nasema ukimtazama Yuno wa dunia ya kwanza kwa jicho hilo, utaona mtoto anayeng'ang'ania, akiwa na mwili mkubwa na silaha mkononi.

Na mwisho wenyewe: mmoja lazima afe ili dunia ibaki. Yukiteru anajitoa. Yuno ana kisu, amekwishaua wengi, na dunia nyingine ipo pale ya kwenda kuanza tena. Anakigeuza kisu kwake. Kwa mara ya kwanza katika hadithi nzima anakubali kwamba Yukiteru atakuwepo mahali ambapo yeye hayupo. Kwangu hapo ndipo alipompenda, dakika chache tu, na siwezi kukwambia kwamba kujiua kwake ni mfano wa kuigwa. Ni huzuni. Msichana yule alijua njia mbili tu, kummiliki mtu au kutokuwepo, na hakuna aliyemfundisha ya tatu.

Utaniuliza, mbona karibu wote ni wasichana? Wa kiume wapo. Katika Amnesia, mchezo wa mwaka 2011 uliotengenezewa wasichana, Toma anamtia msichana ndani ya kizimba akiamini anamlinda, na wapo wanaompenda kwa hilo. Lakini filamu ya Satoshi Kon ya 1997, Perfect Blue, inapomwonyesha shabiki wa kiume anayemfuatilia mwimbaji, hakuna anayecheka wala kuona aibu tamu. Ni kitisho kitupu. Nadhani ni kwa sababu watazamaji wote wanajua kwamba mwanamume wa namna hiyo yupo kweli mtaani. Mwanamke mwenye shoka anaonekana kuwa wa kubuni, kwa hiyo anaweza kuwa burudani.

Japani yenyewe haichukulii ufuatiliaji kama burudani. Oktoba 1999, huko Okegawa mkoani Saitama, mwanafunzi wa chuo mwenye miaka 21 aliuawa baada ya kuandamwa kwa miezi na mwanamume aliyeachana naye. Alikuwa ameripoti polisi, na hakusaidiwa ilivyopasa. Mwaka uliofuata ikapitishwa sheria ya kuzuia kufuatiliana, ikaongezewa barua pepe mwaka 2013, mitandao ya kijamii 2016, na vifaa vya GPS 2021. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema Wajapani wanaona mapenzi ya namna hii ni ya kawaida, mwambie hapana. Wanaandika hadithi zake na wanatunga sheria dhidi yake.

Mashabiki ndio wakati mwingine wanapoteza mpaka. Mei 2019 msichana mmoja alimchoma kisu mwanamume huko Shinjuku, naye akapona kwa bahati. Picha ya msichana yule ameketi sakafuni penye damu, akivuta sigara, ilisambaa mtandaoni, na watu wakaanza kumchora kama mhusika wa anime na kumsifu kwa uzuri. Nilichukia sana. Mtu halisi alikuwa hospitalini anapigania uhai wake.

Kwa huyo mwenzako wa status, nisingemsomea hotuba. Ningemuuliza swali moja wakati wa chai: akipata mtu anayejua alipo kila dakika kumi, atamwambiaje kwamba leo anataka kwenda kumwona mama yake peke yake? Kwetu pia magazeti hayajaacha kuandika "wivu wa mapenzi" chini ya picha za marehemu, na mengi yalianza na mtu anayedai nywila ya simu, anayepiga mara ishirini, anayekuja bila kualikwa na kusema ni kwa sababu anapenda. Ukiyaona hayo kwa yeyote aliye karibu nawe, mwambie mtu mzima unayemwamini mapema, na dawati la jinsia la polisi lipo.

Mpende Yuno kama mhusika kadiri unavyotaka. Mimi mwenyewe nampenda. Ukitaka aliyechorwa kwa huruma zaidi miongoni mwa wa karibuni, mtazame Himiko Toga wa My Hero Academia, mtoto aliyeambiwa na wazazi wake kwamba tabasamu lake si la kawaida. Nakusihi tu usimpe mdogo wako wa darasa la sita aitazame Mirai Nikki. Mambo ya mauaji na ya unyanyasaji wa kingono yaliyomo si ya umri wake.

Na sasa Redial. Ni kipindi kimoja cha mwaka 2013. Kinamfuata Yuno wa dunia ya tatu, mwenye wazazi na marafiki, anayehisi kuna kitu amekikosa, hadi anapewa kumbukumbu za yule Yuno wa kwanza na kuvuka kwenda kwa Yukiteru, ambaye baada ya kuwa mungu alikuwa peke yake gizani muda wote huo. Wengi wanakiita mwisho mwema. Mimi kinanisumbua, kwa sababu kinamchukua msichana aliyepona na kumrudishia ugonjwa wa mwingine ili mashabiki wapate wanachotaka, na kile kisu alichojigeuzia Yuno wa kwanza kinapungua uzito. Lakini wewe umelia kwa ajili yao, una haki ya kuwaona wamekutana. Subiri siku chache, kilio cha kwanza kikauke, halafu kitazame na uniandikie unaonaje kuhusu huyo Yuno wa tatu: alikwenda kwa hiari yake, au alikwenda kwa kumbukumbu za mtu mwingine?